Nitakutazama Nikiwa Juu ya Kisima

Buza, Temeke
Alasiri

Somo yangu, mke mwenzangu, Mwantumu,

Salamu nimeshakupa kwa mdomo asubuhi, sirudii. Barua hii nimeifunga ndani ya ile kanga yangu ya bluu iliyochujuka, nikaisukuma chini kabisa ya begi lako, uikute ukishafika Dodoma na kuanza kutoa nguo. Nimefanya makusudi. Ungeisoma hapa nyumbani tungezozana, na tukizozana wewe ndiye unayeshinda siku hizi, maana una hoja, na mie nina sauti tu.

Nianze na baya ili lipite. Kile kiti ulichoniombea, huko utakakoapa uwaziri keshokutwa, kitakuwa kitupu. Siji. Usinipigie simu kabla hujafika mwisho, na mjomba wako Shabani usimpigie kabisa. Mie si mgonjwa, sijaanguka bafuni. Mchana huu nimekula wali na dagaa, nikaongeza.

Anayeandika ni Mama Kulwa, mwandiko wake unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Yeye alikaa darasani, mie sikukaa, kwa hiyo mie nasema na yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno, asinitengenezee. Kaniambia, "Mtani, nikiandika kila unalosema, tutafungwa wote wawili." Nikamwambia andika, Mnyamwezi wewe, kwenu mlizoea kubeba mizigo mizito, beba na huu. Kacheka, lakini anaandika.

Sababu ya kutokuja ni huyo huyo Shabani, na nitamfikia. Ila siwezi kumsema mwanangu wa kumzaa mbiombio. Kwanza nikukumbushe ulikotoka. Sisemi umesahau. Ila kuanzia keshokutwa watu wataanza kuyasimulia maisha yako redioni, na watayapaka mafuta. Watasema, "Mheshimiwa aliipenda sayansi tangu utotoni." Sayansi gani! Ulikuwa mharibifu.

Mama yako alipoolewa Lindi, yule mume hakutaka kuingia nyumba na mtoto wa mwenzake, ukabaki kwangu bado unatambaa. Babu yako, Mungu amrehemu, akakuita mke mdogo. Mie nikawa mke mkubwa, wa kupika. Pale pembeni ya chumba tulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, umekaa juu ya mchanga. Ukaja siku hiyo unanivuta kanga.

"Bibi, mtungi unatoka jasho. Unaumwa?"

"Hauumwi. Unafanya kazi. Anayefanya kazi hutoka jasho. Nenda kacheze."

Nikaenda zangu sokoni Tandika. Kurudi, maji yamefika mlangoni, na wewe umekaa katikati ya vigae, mchi wa kinu uko pembeni. Hata kulia hulii. Unaokota kigae, unakielekeza juani, unakiweka, unaokota kingine. Ukaniuliza mie, mwenye mtungi wangu, "Bibi, tundu liko wapi?"

Nilikuchapa kwa mwiko mpaka mwiko ukapata ufa. Babu yako akatoka nje akasema, "Mke mkubwa, mtu anapigwa kwa kuuliza?" Nikamjibu, "Anapigwa kwa kuvunja!" Yeye akasema, "Basi mwambie hivyo, maana sidhani kama anajua anapigiwa lipi."

Neno lile sikulisikia siku ile. Nimelisikia baadaye sana, nimeshazeeka. Kuvunja ulikosea. Kuuliza hukukosea. Lakini mwiko hauna macho, ulipiga yote mawili. Kwa muda mrefu baada ya pale hukuniuliza kitu, na mie nikafurahi, nikasema mtoto kashika adabu. Adabu gani. Nilikuwa nimekunyamazisha. Sasa huko uendako utakuwa na mwiko mkubwa kuliko wangu. Watu watavunja vitu, wengine watakuuliza maswali, na mara nyingi atakuwa mtu huyo huyo. Kabla hujapiga, mwambie kwanza unampigia lipi.

Shule ukaianza, na hapo ndipo ulipoanza kuniacha nyuma. Ripoti zako nilikuwa nazishika kichwa chini miguu juu, nikiitwa kikao cha wazazi natazama uso wa mwalimu. Akikunja ndita, nakunja na mie. Akicheka, nacheka. Yule mwalimu wa sayansi alikuwaga hakunji wala hacheki, akishataja jina lako anatikisa kichwa tu kama mtu aliyeona gari likipita bila dereva. Nilirudi nyumbani nimevimba kifua. Mama Kulwa akaniuliza kasema nini. Nikamwambia sijui, ila kasema vizuri.

Na kilichokusomesha, wacha watu waseme watakayo, ni kisima.

Babu yako alikichimba nyuma ya nyumba, pale bondeni, kabla hajaugua. Alipoondoka duniani akaniachia kisima na wewe. Alfajiri wanawake wanapanga ndoo, jioni wanapanga tena. Maji yale yalikununulia sare, yakakununulia viatu, ulipofika sekondari yakalipa bweni, ulipofika chuo kikuu yakawa nauli. Nilikuwa nakiita mume. Ukiniuliza nani anakulisha, nakuonyesha kisima.

Na masika ikifika, tulifanya wanayofanya watu wote wa bondeni. Tunatapisha choo. Huko kwa wakubwa pengine hawajui hili, uwaeleze. Mvua ikishashika kweli kweli, unakwenda na sururu, unatoboa ubavu wa shimo la choo, na yote yaliyojaa yanatoka yanabebwa na mafuriko, yanakwenda zao. Zao wapi? Hatukuuliza. Kwa jirani. Na jirani naye katapisha, ya kwake yamekwenda kwa anayefuata. Gari la kunyonya halikuwa linapita vichochoro vyetu, na hata lingepita, nani alikuwa na hela yake. Mie nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Mtaa mzima walikuwa wanasubiri nianze. Wingu likikaa vibaya wananiuliza, "Bi Mwantumu, tayari?" Nawajibu, "Bado, ngojeni ikolee." Nikajiona nina akili. Mvua, nilikuwa nasema, ni mtumishi wa Mungu asiyedai mshahara.

Kisha ukaja likizo kutoka chuo na vichupa vyako.

Unakumbuka ulivyovipanga juu ya kabati la vyombo? Ukatembea nyumba kwa nyumba unaomba maji kidogo kidogo, ukatia na dawa yako. Ukaniambia, "Bibi, kichupa kikigeuka cheusi, maji hayo yameingiwa na kinyesi." Nikasema sawa, mjukuu, cheza. Kulivyokucha, cha Mama Kulwa, yeye anakinga maji ya bomba, kimekaa vile vile. Cha kwetu kimekuwa cheusi kama kahawa ya kijiweni.

Nikasema kichupa kilikuwa kichafu. Ukachemsha vichupa, ukarudia. Cheusi. Nikasema hiyo dawa imelogwa. Ukarudia. Cheusi.

"Bibi, usiwauzie watu haya maji."

"Maji haya ndiyo yaliyokusomesha."

"Najua, bibi."

"Umeyanywa tangu unatambaa. Umekufa?"

"Unakumbuka nilivyokuwa naharisha kila masika? Ulikuwa unasema meno yanaota."

"Yalikuwa yanaota!"

"Mpaka darasa la tano, bibi?"

Hapa Mama Kulwa kaweka kalamu chini, anacheka mpaka anashika mbavu. Ngoja amalize.

Haya. Ukanikalisha chini, ukaniambia taratibu, wala hukunitolea Kiingereza. "Ule mtungi nilioupasua haukuwa na tundu, bibi. Nilitafuta sikuliona. Lakini maji yalitoka nje, uliyaona mwenyewe, jasho lile. Udongo unapitisha. Choo chetu na kisima chetu havina tundu kati yao, na bado vinaongea."

Nilikuelewa. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, mwanangu. Watu wakisimulia habari za wazee tusiosoma husema tulikuwa hatuelewi. Mie nilikuelewa pale pale, ulivyotaja mtungi tu. Nilichokosa ni moyo wa kukipoteza kisima. Usije ukafikiri kila anayekupinga hajaelewa, ukamwongezea maelezo mengine na makaratasi. Wengine wameelewa sana. Wanaogopa kitakachokatika. Waulize kwanza watakula nini.

Asubuhi yake ukasimama pale kisimani, wanawake wamepanga ndoo, ukawaambia wayachemshe au wasichote. Wakakutukana. Mmoja akasema chuo kimekuharibu, mwingine akasema unataka kumuua bibi yako kwa njaa uuze nyumba. Na mie nilikuwa nimesimama mlangoni, nawasikia. Sikutoka kukutetea. Nilikuacha utukanwe kwenye uwanja wa nyumba yako.

Kisha nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza. Ulikuwa ukiamka unakuja mlangoni kwangu, unasema, "Shikamoo bibi." Nikanyamaza. Shikamoo ya mtoto haiachwi chini, hata kwa adui unaiokota. Mie niliiacha. Kesho yake ukaja tena, "Shikamoo bibi." Nikageukia ukutani. Wateja wameanza kupungua, nina hasira, nikasema huyu atachoka. Hukuchoka. Kila asubuhi umesimama palepale, sauti ile ile, huongezi wala hupunguzi, unasema yako, unakwenda kufagia.

Aliyenikomboa ni huyu anayeandika. Alikuja siku hiyo mchana kweupe, kajifunga kanga kiunoni, kabeba jamvi. Akatandika mlangoni kwangu, akaketi, akaanza kulia kilio cha msiba. Uwiii! Watu wakatoka majumbani. Na mie nikatoka mbio.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Mtani wangu Mzaramo! Kafa jamani, kafa na utamu wake!"

"Si mie huyu nimesimama?"

"Maiti za Kizaramo ndivyo zilivyo, zinajibu! Uwiii! Kafa kwa kunywa choo chake mwenyewe! Tena hakuwa mchoyo, akawauzia na majirani! Leteni ubani, maana harufu tunayo tayari!"

Watu walianguka chini kwa kucheka. Wale wale waliokutukana. Ningefanyaje? Mtani hakasirikiwi. Akija na jamvi unampisha, akisema unameza, hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta. Angekuja mjumbe, ningemfukuza. Angekuja bwana afya, ningemfungia mlango. Wewe mjukuu wangu ulikuja na ukweli mkononi, nikakuacha na shikamoo yako. Lakini mtani kanivua nguo mbele ya mtaa, na mie nikajikuta nacheka, machozi yananitoka, sijui ya kicheko au ya nini.

Kulivyokucha ukaja mlangoni. "Shikamoo bibi."

Nikasema, "Marahaba."

Ukauliza, "Ya leo au ya jana?"

Nikasema, "Zote."

Tukaita mafundi wakakifunika kisima kwa zege. Mie nikaweka jiko langu juu ya lile zege, nikaanza kukaanga mihogo. Tulikula kwa shida, unajua. Pilipili ndiyo iliyotuokoa, watu walikuja kwa pilipili.

Yaliyofuata mengine huyajui, maana ulikuwa ng'ambo unasoma. Masika ya kwanza baada ya pale, wingu likakaa, majirani wakaja na sururu zao. "Bi Mwantumu, tayari?" Nikasema mie sitapishi tena. Wakasema kichaa. Nikakaa juu ya kisima na mwavuli wa mtu, nimenuna, choo kimejaa, sijui nifanye nini. Ulivyorudi na digrii zako zile, wenzio wakapanga nyumba Mikocheni na wapi sijui. Wewe ukarudi chumba kile kile. Ukaanza na vyoo. Ulileta ile pampu ya mkono, vijana wanasukuma mkokoteni kwenye vichochoro, wananyonya vyoo, wanajaza mapipa, wanapeleka kunakotakiwa. Daktari wa chuo kikuu, kavaa mabuti, anaelekeza watu wanyonye wapi. Nilisimama barabarani nikamwambia kila anayepita, "Yule pale mwenye mabuti ni somo yangu." Mtu kanijibu, "Yule anayenuka?" Nikasema huyo huyo.

Na mkutano wako wa kwanza wa mtaa je? Ulisimama ukaongea, ukaongea, maneno marefu kama treni ya mizigo. Watu wakaanza kupiga miayo. Tulivyorudi nikakwambia, ukienda kwa muuza nazi unamwambia nini? "Nataka nazi mbili zilizokomaa." Basi. Sema na watu kama unaagiza nazi. Mkutano wa pili ulisema, "Jamani, tunakunywa vyoo vyetu. Mnataka kuendelea?" Wakasema hatutaki. Kazi ikaanza. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na nakwambia mke mwenzangu, kile kifua changu cha kikao cha wazazi kilirudi. Nilijua siku ile kwamba hutabaki Buza.

Kwa hiyo jina lako lilivyosomwa, wengine walishangaa, mie sikushangaa. Niliogopa kidogo. Uwanja wetu umejaa tangu siku hiyo, vigelegele mpaka masikio yanauma. Na nani alikuja wa kwanza na keki? Yule aliyesema utauza nyumba. Kasema, "Mjukuu wetu huyu, sie tulijua." Nikamkatia mhogo, nikamwambia kaa, ule. Usimkumbushe. Na mie sikumkumbusha, japo ulimi uliniwasha.

Kitu kimoja kinanisumbua. Huko watakuita Mheshimiwa. Watakufungulia mlango, watakubebea mkoba, utachekesha kidogo watacheka sana. Mheshimiwa haambiwi kwamba kapaka wanja kombo, sembuse kwamba kakosea. Tafuta mtani. Sisemi kabila, sisemi umri, awe hata mfagiaji. Mtu ambaye akija na jamvi lake akalia, huna ruhusa ya kukasirika. Mpe ruhusa hiyo mbele za watu, wote wasikie, ili siku ya kuitumia usije ukaikana. Mie bila mtani ningekuwa nauza choo mpaka leo, na kiburi juu.

Mama Kulwa anasema yuko tayari, mumpe nyumba na gari. Nimemwambia abaki na kuku wake.

Sasa Shabani.

Jana, ulivyokwenda kuaga wenzako chuoni, alikuja akakaa hapa mkekani. Alikuja na soda na samaki, nikajua kuna jambo. Unajua kampuni yake ya kuchimba visima virefu ilivyo, mitambo miwili, mmoja unafanya kazi na mwingine unatoa spea. Akaanza.

"Mama, barua yako ushaiandika?"

"Kesho, Mama Kulwa akipata nafasi."

"Niweke na mie humo. Mwambie tu anikumbuke. Wizara ile ya maji ndiyo inayotoa kazi zetu, mama. Sijasema aibe."

"Mwambie mwenyewe. Una mdomo."

"Mie atanikatalia. Wewe hawezi kukukatalia, amekulia mgongoni mwako."

"Ndiyo maana simwombei, Shabani."

Kisha akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto kabisa, "Yeye kisima kilimsomesha. Mie kisima kilinipa nini?"

Lilinichoma, maana ni kweli. Shabani aliacha shule ili avute ndoo pamoja na mie babu yako alivyoanza kuugua. Mikono iliyovuta maji ya ada yako ni yake. Na ulipougua ile homa ukiwa mdogo, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali, barabara imekatika, anakimbia kwenye tope. Kuchimba visima kajifunza kwa kisima kile kile. Si mwizi. Ni mtu aliyechoka kuona wengine wanaitwa mbele.

Nikamwambia, "Kilikupa mikono. Omba kazi wanakoomba wenzio, wakupime watu wasiokujua. Kwa jina langu huingii."

Akasimama. Akasema kama ni hivyo, basi gari lake keshokutwa litakuwa bovu, haendi Dodoma na hatanipeleka. Nikamwambia gari ni lako. Akaondoka, soda kaziacha.

Najua unachofikiri sasa. Unataka kunitumia gari. Gari la serikali limepewa kubeba waziri, halikupewa kubeba bibi yake na kapu la mihogo. Unataka kunikatia tiketi ya treni. Treni ningeipanda, nasikia inakwenda kama mshale na ina choo ndani, ningependa kukiona kinatapika wapi. Lakini nikija, Shabani atabaki huku peke yake na kukataliwa kwake. Watu watamuuliza, wewe si mjomba wa waziri, mbona mama yako kaenda na wewe upo? Nimemkatalia mwanangu. Sitamkatalia halafu nimwache. Hilo nililifanya kwako, najua linavyokuwa.

Keshokutwa nitamwita aje tutazame pamoja. Akija, sawa. Asipokuja, nitampelekea mihogo mlangoni kwake nimwamkie mie, mama yake, nione kama ataniachia salamu chini. Mtoto wa kunirithi kununa ni yeye. Wewe usimchukie, mpigie siku nyingine kabisa, muulize habari za magoti yake. Na usimpe. Akikuuliza nani kasema asipewe, sema bibi. Mie siogopi mtu niliyemnyonyesha.

Na kuna siku, Mwantumu, nitakupigia simu mie mwenyewe. Najijua. Nitazeeka zaidi ya hapa, mtu atakuja analia, mtoto wa fulani, kazi ya fulani, na mie nitasema ngoja nimwambie somo yangu. Niambie hapana. Nitanuna, nitakukatia simu. Kesho yake piga, sema shikamoo. Nikinyamaza, piga tena kesho yake. Ulikuwa binti mdogo, huna cheo, ulipokwenda kinyume na mie bila kuniacha. Sijaona mtu mwingine akifanya hivyo, mbele wala nyuma. Uende nalo hilo moja. Mengine yote yako kwenye vitabu vyako.

(Mwantumu, ni mimi Mama Kulwa, naongeza hapa, yeye kaenda kugeuza mihogo na hajui kusoma nilichoandika. Gauni lake jipya lilishatoka kwa fundi. Limening'inia nyuma ya mlango tangu juzi, kalipiga pasi, na jana Shabani alivyoondoka kalipiga tena. Anapita analishika shika. Hataki ujue. Nimekwambia kwa sababu mimi ni mtani, sina adabu.)

Nimerudi. Mama Kulwa ana uso wa mtu aliyeiba sukari, sijui kaandika nini. Hata kama kaandika, kishaandika.

Televisheni yake tutaitoa nje, waya upitie dirishani. Watu watakaa popote watakapopata. Mie nitakaa juu ya zege la kisima, mahali pangu, na gauni langu jipya, maana sherehe ni yangu hata kama siko Dodoma. Utaitwa jina, jina letu, litatajwa mbele ya Rais na nchi nzima, na mie nitasimama nikae, nisimame nikae, magoti yaseme yatakavyo.

Ukishashika Msahafu ukamaliza kuapa, kabla hujasaini, sema shikamoo moyoni. Usitikise mdomo, watakupiga picha. Sema tu moyoni, kama ulivyokuwa unasema pale mlangoni.

Mie huku nitaitika kwa sauti, Buza nzima isikie, na Shabani alipo asikie.

Marahaba, mwanangu. Zote.

Bibi yako na somo yako,
Mwantumu